Mama Feza Anasindikiza Wageni

Kwa miaka mitatu mfululizo, Feza aliswali Idi akiwa kwenye kiti. Kilikuwa kiti cheupe cha plastiki, kile kile ambacho wateja hukalia dukani kwake. Mumewe Shafi alikuwa akikipakia kwenye buti ya gari, akakishusha uwanjani na kukiweka safu ya nyuma kabisa ya wanawake, pamoja na vikongwe. Imamu akitoa takbira ya kusujudu, safu zote zilishuka kwa pamoja na mapaji yote ya uso yakagusa mikeka. Feza alibaki juu na wale mabibi waliokwisha kula chumvi nyingi, ameinamisha kichwa kidogo tu, akitazama migongo ya wenzake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Tangu azaliwe, hakuna kitu kilichowahi kumuuma kama kuitazama ile migongo.

Lakini msimhurumie upesi. Feza si mtu wa kuhurumiwa. Ni muuza vitenge, na Kamalondo nzima, hapa Lubumbashi, inamjua kwa ulimi wake na kwa macho yake. Baba yake, fundi cherehani aliyetoka Kasongo kule Maniema, alimfundisha kutambua kitambaa kizuri kwa kukisugua tu kati ya vidole. Shafi anauza vipuri vya magari na ana gari lake mwenyewe, ambalo huoshwa kila siku hata kama halijaenda popote. Kila asubuhi gari hilo lilimchukua Feza mlangoni kwake likamshusha mlangoni mwa duka, na jioni likamrudisha. Katikati ya hapo, alikaa. Aliuza amekaa, alibishana bei amekaa, alikula bukari yake, ule ugali wetu, amekaa, na kitu kikiwa juu ya kabati alikinyooshea kidole. Hapa mjini kwetu hayo ndiyo tunayaita mafanikio.

Basi mafanikio yakampanda kwenye magoti. Pumzi ikawa fupi, presha ikawa juu, na daktari akamweleza bila kupamba maneno huku akimfungua ule mkanda wa kupimia mkononi.

"Magoti yako haina buzee, mama. Iko na kukaa. Utatembea, ao utabakia na ile kiti mupaka kufa."

"Nitembee naenda wapi, dakitari? Gari iko."

Aliyemtafutia pa kwenda ni binti yake, Chadia, anayesoma chuo kikuu huko Kasapa. Alikuwa amesikia habari za kikundi cha watu wa afya waliokuwa wakitafuta watu wazima wa kukaa-kaa, watu wa maduka na ofisi, ili wawasaidie kutembea kwa kutumia simu. Unawekewa programu kwenye simu. Ukiiweka mfukoni au kifuani, inajua kama umetembea au umekaa. Kila mtu anapewa mkufunzi, mtu hai mwenye jina, wa kumpigia na kumtumia ujumbe wa sauti. Na kuna zawadi: pointi zinazogeuka kuwa mayunite ya kupigia simu.

Aliyezibuni zile pointi, mimi naamini aliwahi kuishi nyumba moja na mfanyabiashara. Hazikusanywi kidogo kidogo. Jumatatu asubuhi unapewa zote, unaziona kwenye simu, unaanza kuzipigia hesabu. Halafu kila siku unayokaa bila kufikisha lengo lako, programu inakata. Siku ya kwanza kukatwa, Feza hakungoja kupigiwa. Alimpigia mkufunzi wake mwenyewe, binti mmoja aitwaye Gaëlle.

"Gaëlle, mutoto wangu, nani njo alikata bintu yangu?"

"Ni programu, Mama Feza. Jana hatukutembea."

"Kintu ukishanipatia, iko yangu. Mu duka yangu siwezi kumupatia muntu kikwembe, kiisha kesho nakuya kumukatia nusu."

"Njo vile, mama. Leo tutembee, hakuna mwenye atakata."

Gaëlle alikuwa na sauti laini, lakini haongopi na habembelezi. Alimuuliza Feza jambo ambalo hata daktari hakuuliza: akipona magoti, anataka kuyafanyia nini? Wenzake wengi walikuwa wamejibu kwamba wanataka kupungua. Kwa Feza, jibu lilikuwa karibu sana na machozi.

"Ninataka kusujudu," alisema.

Gaëlle ni Mkristo. Akaomba aelezwe, na Feza akamweleza: kushuka mpaka paji la uso liguse ardhi, kisha kuinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Alitaka kufanya hivyo siku ya Idi ya kuchinja, maana ile ya Fitri ilikuwa karibu mno, katikati ya safu, na si nyuma na vikongwe. Idi hiyo ya kuchinja ilikuwa mwezi wa sita, na wakati wa mazungumzo hayo mvua za mwezi wa pili zilikuwa zikinyesha. Gaëlle akasema wana muda wa kutosha, mradi wasiuchezee.

Programu ilitaka pia mtu wa nyumbani wa kumtia moyo, na Feza akataja jina la mumewe. Tangu hapo, kila jioni baada ya mkewe kutembea, Shafi alipata ujumbe: leo mke wako amefikisha, mpongeze. Shafi aliusoma kwa sauti, macho yakarudi haraka kwenye televisheni. "Félicitations," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji, kisha akairudisha simu mfukoni.

Feza alianza kutembea. Alitoka nyumbani mapema, kabla jua halijawa kali, akiwa na raba za Chadia na mwavuli wa mvua, akaenda dukani kwa miguu. Siku za mwanzo alisimama kila kona, mkono mmoja ukutani na mwingine ukishika simu, akijifanya anasoma ujumbe ili watu wasijue kwamba pumzi imekata. Matope yalimvuta viatu. Mara mbili alimtukana Gaëlle kimoyomoyo, na mara moja kwa sauti. Lakini kukatwa hakutaka, na wiki zilivyosonga, kona za kusimama zikapungua, mpaka asubuhi moja akajikuta mlangoni mwa duka hajasimama popote. Alifurahi mno. Alifungua duka akiimba, na mteja wa kwanza akapata punguzo ambalo hakuliomba.

Na mtaa wake wenyewe ulimpendeza upya. Miaka yote ile alikuwa ameupita kwa kioo cha gari. Sasa alisikia harufu ya beignets, ndiyo maandazi ya kwetu, zikikaangwa kwenye makaa, alijua nani amejifungua na nani amehama, na watu walimwamkia kwa jina.

Kisha mvua zikakoma, na mambo yakaharibika.

Mtu wa Lubumbashi akikuona unatembea kwa miguu wakati una gari, haulizi kwa nini. Anajijibu mwenyewe. Matope humpata kila mtu, lakini kiangazi ni wakati wa kuchunguzana viatu. Mwenye gari anashuka na viatu vinavyong'aa. Aliyetembea, vumbi jekundu linamsema mpaka kwenye vifundo. Watu walitazama raba za Feza, wakatazamana. Wengine walisema gari limeuzwa. Wengine, wenye akili zaidi, walisema hapana, Shafi ameoa mke wa pili huko Kipushi na gari linalala kwa huyo mwenzake. Hakuna aliyemwendea Feza kumuuliza, kwa sababu ya adabu. Adabu yetu ndiyo hiyo: tunakuzunguka mbali, tunakuzika, halafu tunakuja na rambirambi.

Na kweli walikuja. Jumapili moja alasiri, akina mama wa chama chao cha kusaidiana waliingia uani kwa Feza wamejipanga, na nyuso zao zilikuwa za msibani. Mbele yao alikuwa Clotilde, rafiki yake wa siku nyingi, mwenye asili ya Kasai, muuza viatu, mtu ambaye hakuna harusi wala kilio kinachoanza kabla hajafika. Walibeba mfuko wa unga, dumu la mafuta na furushi la samaki wakavu. Waliketi. Clotilde akasafisha koo.

"Mama Feza, hatukuya kuuliza kintu. Shida inaingiaka mu kila nyumba. Tuliona unatembea na miguu kila siku, tukasema, na shiye tuko wapi? Kamata hii unga. Na ule bibi wa Kipushi, Mungu atamuona."

"Bibi gani wa Kipushi?" Feza akauliza.

Kabla hajajibiwa, geti likafunguka na Shafi akaingia na gari lake, limetoka kuoshwa, linameremeta. Akina mama waliligeukia kama watu wanaomwona marehemu akiingia na kusalimia. Mmoja akaangalia unga. Mwingine akaangalia kucha zake. Feza alielewa yote kwa mara moja, akacheka mpaka akashika meza, na alipowaonyesha programu ya simu na pointi zake, wengine nao wakacheka, Clotilde akiwa wa mwisho.

Shafi hakucheka. Alikuwa ameuona mfuko wa unga juu ya meza yake mwenyewe, unga ulionunuliwa na wanawake wengine ili nyumba yake ile.

"Kesho unapanda gari," alimwambia mkewe wageni walipokwisha ondoka. "Muji muzima banasema siwezi kulisha bibi yangu. Na mu Kipushi siyue hata muntu."

"Papa Chadia, na Idi?"

"Kiti iko."

Hayo maneno mawili yalimchoma Feza kuliko matusi. Shafi hakuwa mtu mbaya, na mkewe alilijua hilo. Alikuwa ameaibishwa mbele ya watu, na aibu ya mwanamume mwenye duka ni kitu kizito. Kwa hiyo Feza akapanda gari. Jumatatu alikatwa, Jumanne alikatwa. Gaëlle alipopiga, simu ililia mpaka ikachoka. Jumatano Feza aliingia stoo, akajifungia kati ya marobota ya vitenge, akalia.

Alhamisi Clotilde alikuja nyumbani kuomba msamaha. Yale ya unga yalikuwa yamemnyima usingizi. Walikunywa chai, wakala mikate, wakasameheana, wakamsema kidogo yule aliyeanzisha habari za Kipushi. Jua lilipoanza kupoa Clotilde akaaga, na Feza akainuka ili amsindikize.

Nani asiyejua mambo haya? Mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, na hapo unapomwachia ndipo panapoonyesha anavyopendwa. Anayekuaga getini amekupa salamu tu, na anayekufikisha kona amekupa heshima. Shafi alikuwa uani akisikiliza redio. Aliwaona wakitoka, akawapungia mkono. Hakuna mume duniani anayemwambia mkewe asisindikize mgeni.

Wakafika getini, maneno hayajaisha. Wakafika kona, yamekolea. Wakapita duka la dawa, wakapita msikiti, na Clotilde aliposhtuka alikuwa mbele ya mlango wake.

"Ee, Mama Feza. Umenifikisha mupaka ku nyumba? Hapana, hii heshima ni mingi. Na miye nitakurudisha."

Akamrudisha. Walipokaribia kwa Feza, Feza akaona si vizuri Clotilde arudi peke yake, akageuka naye tena. Hapo wote wawili wakashikwa na kicheko cha wasichana, katikati ya barabara, mpaka mwendesha pikipiki akawazunguka akitikisa kichwa. Simu ikalia kifuani mwa Feza. Ilikuwa programu ikimpa habari kwamba leo amefikisha lengo. Aliitazama, akatazama barabara, kisha akamtazama Clotilde.

"Kesho utakuya tena kunitembelea."

"Kufanya nini?"

"Nikusindikize."

Basi nyumba ya Feza ikapata wageni. Alikuja Clotilde, akaja mama wa duka la dawa, wakaja wale wale wa mfuko wa unga. Kila mmoja alipewa chai, na kila mmoja alisindikizwa mpaka kwake, hata kama anakaa ng'ambo ya reli. Wengi wao walikuwa na magoti yao na presha zao, walikuwa hawajasema tu. Jioni ungeona kundi la vitenge likitoka pale getini, wanaongea wote kwa wakati mmoja, wanamwacha huyu, wanamfikisha yule, wanarudishana. Feza alimpigia Gaëlle akamweleza kila kitu. Gaëlle alicheka sana, kisha akasema siku zile za kukatwa hazirudi, lakini kuanzia leo wanakwenda mbele.

"Hii bageni yote inatoka wapi?" Shafi akauliza mwishoni mwa wiki.

"Bananipenda."

Shafi akarudi kwenye redio yake. Na polepole akaanza kusikia mtaani kwamba nyumba ya Shafi haikosi wageni, kwamba pale chai haikauki. Maneno hayo yalimkaa vizuri. Hata hivyo, ili mtu yeyote asikosee tena, jioni tatu au nne aliwafuata akina mama kwa gari, nyuma yao, kwa mwendo wa kutambaa, taa zote zikimulika-mulika. Alitaka gari lionekane. Mwishowe Clotilde akasimama, akamsubiri, akainama dirishani.

"Papa Chadia, shiye tuko bageni. Hatuko maiti. Rudia ku nyumba."

Akarudi.

Lakini kutembea ni jambo moja na kusujudu ni jingine. Gaëlle alimtaka Feza akitumie kile kiti cha plastiki: akikalie, ainuke bila kushika kitu, akikalie tena. Alifanya hivyo dukani wateja wakiwa hawapo, na baadaye hata wakiwapo. Daktari alimpima presha, akapima tena kwa kutoamini mashine, kisha akatabasamu. Siku chache kabla ya Idi, Feza alitandika mkeka chumbani na kujaribu. Alishuka vizuri. Paji likagusa chini. Kisha akabaki pale pale, maana magoti yalikataa kumnyanyua, mpaka Chadia akaja kumvuta mikono.

"Kushuka ninashuka," alimwambia Gaëlle kwa simu. "Kupanda njo kazi."

"Mama, mu mwezi wa pili ulikuwa hata haushuke."

Siku hiyo hiyo mradi ule wa akina Gaëlle ulifika mwisho wake. Gaëlle aliaga, pointi za mwisho zikageuka mayunite, na programu ikanyamaza. Kuanzia hapo hapakuwa tena na cha kukatwa. Jioni ilipofika Feza aliwasindikiza wageni wake kama kawaida, na aliporudi akakalia kiti na kuinuka, akakalia na kuinuka, mpaka mapaja yakawaka moto.

Asubuhi ya Idi kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, na watu walivaa sweta ndani ya kanzu. Shafi alipakia kiti kwenye buti bila kuuliza. Walipofika uwanjani akafungua ili akishushe, na Feza akaufunga mlango wa buti kwa mkono wake.

"Na kama unaanguka?" Shafi alimuuliza, na safari hii hakukuwa na aibu machoni mwake. Kulikuwa na hofu ya mtu anayempenda mkewe.

"Kama ninaanguka, ninaanguka chini. Njo kwenye ninaenda."

Akaingia safu ya katikati, Chadia ubavuni mwake. Mikeka ilikuwa imebanana, na wa kwake ulikuwa mfupi. Imamu akatoa takbira ya kusujudu. Feza akashuka pamoja na watu wote, goti moja, goti la pili, viganja, na paji la uso likapita ukingo wa mkeka likatua kwenye udongo mwekundu, wenye baridi. Alinusa ardhi. Hapakuwa na mgongo wa mtu wa kutazama. Zile dua zote alizopanga kuomba alizisahau, akabaki kusema ahsante tu, tena na tena. Imamu akawainua, akawashusha tena, kisha ikaja ile ya kusimama. Goti la kulia lilitetemeka. Aliuona mkono wa Chadia ukimjia, akausogeza pembeni taratibu. Akasukuma ardhi kwa viganja, akavuta pumzi, akainuka. Alisimama wima katikati ya wenzake, machozi yakimtiririka, na rakaa ya pili akaishusha na kuiinua kama mtu aliyeizoea.

Swala na hotuba vilipokwisha, Shafi alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari. Aliwaona wakija, mama na binti. Kwenye paji la mkewe kulikuwa na alama nyekundu ya udongo, na Feza hakuwa ameifuta. Kwa mazoea, mkono wa Shafi uliingia mfukoni ukatoa simu. Haikuwa na ujumbe wowote. Akairudisha.

"Félicitations, Mama Chadia," alisema, na mara hii alikuwa akimtazama usoni.

"Asante, Papa Chadia. Chadia atapeleka gari na kiti ku nyumba, bageni bataikalia. Miye naenda na miguu."

Shafi alitazama viatu vyake vya Idi, vyeusi, vilivyopigwa rangi tangu jana. Akatazama barabara, vumbi tupu kutoka pale mpaka Kamalondo. Kisha akampa Chadia funguo, wakaanza kutembea, yeye na mkewe, na ni yeye aliyeomba wapunguze mwendo. Hawakufika mbali kabla jamaa mmoja wa sokoni hajawapigia kelele kutoka ng'ambo.

"Papa Chadia, gari iliharibika?"

"Gari iko," Shafi akamjibu, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Niko namusindikiza bibi yangu."